Lenzi ya zamani, mafuta kwenye vibati, na mzee wa kamera wa Kariakoo

Niseme mapema kwa mwenye haraka: kazi yake ni safi, bei yake inavumilika, tarehe zake usiziamini. Nampa nyota nne kati ya tano. Jina na namba yake siweki hapa kwa sababu ameniomba mwenyewe. Anasema wateja wakizidi itabidi aajiri kijana, na vijana aliowahi kuwa nao wamemharibia skrubu za kutosha. Anapatikana Kariakoo, ghorofani, upande wa nyuma wa Msimbazi, kwenye korido iliyojaa mafundi simu. Uliza mzee wa kamera, utaonyeshwa.

Kilichonipeleka kwake ni Micro-Nikkor 55mm f/2.8, lenzi ya Nikon ya kupigia vitu vya karibu, toleo la AI-s lililoanza kuuzwa karibu na mwaka 1980. Napiga harusi kwa kamera ya kidijitali kama wenzangu wengi, ila siku hizi wapo maharusi wanaotaka na rolu moja ya filamu, na hapo ndipo naitoa Nikon FM2 na lenzi hii. Inasogea mpaka sentimita 25 kutoka kwenye kitu, kwa hiyo pete, hina, udi kwenye chetezo, vyote inavikamata kwa ukubwa wa nusu ya uhalisia bila kuongeza kifaa kingine. Kwa ukali wa picha sina la kuilaumu.

Shida ilianza kuonekana kwenye negativu. Hina iliyopigwa kwa f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, imetoka imekolea vizuri. Hina ileile, mkono uleule, kwa f/11, tundu likiwa limebanwa, imefifia na ngozi imeungua kwa mwanga. Ukiona hivyo usikimbilie kulaumu mita ya kamera wala aliyesafisha mkanda. Geuza lenzi, tazama vibati.

Vibati nasema vile vipande vyembamba vyeusi vya chuma vilivyo katikati ya lenzi, vinavyobana na kuachia tundu la mwanga, yaani apacha. Kwenye Micro-Nikkor hii viko 7. Vikiwa vikavu ni vyeusi butu, havirudishi mwanga. Vikiwa na mafuta vinameta, na ukiinamisha lenzi chini ya taa utaona rangirangi zinatembea kwenye sehemu vinapolaliana. Mafuta hayo hakuna mtu aliyeyatia. Yanatoka kwenye grisi ya hesi za fokasi, yaani nyuzi za skrubu zinazosogeza vioo unapozungusha ringi ili picha iwe kali. Grisi ni mafuta yaliyoshikiliwa na sabuni maalumu. Miaka ikienda na joto likiongezeka, mafuta yanaiacha sabuni na kuanza kutambaa juu ya chuma. Yakifika kwenye vibati hayatoki tena, maana upenyo uliopo kati ya kibati na kibati ni mdogo kiasi kwamba unayafyonza wenyewe. Sabuni inabaki nyuma kwenye hesi, imekauka, ndiyo maana lenzi nyingi zenye ugonjwa huu zina pia ringi ya fokasi nzito au inayokwaruza. Na lenzi iliyolala miaka kwenye kabati chini ya paa la bati Temeke, au kwenye dashibodi ya gari, haiwezi kulingana na iliyolala mahali pa baridi.

Sasa kwa nini f/2.8 ilitoka vizuri? Kwa sababu kamera kama FM2 inaiacha lenzi wazi kabisa muda wote unapochungulia, ili uone vizuri. Ukibonyeza, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kioo cha kuakisi kilicho ndani ya kamera kinapanda, kamera inakiachia kimkono kilicho nyuma ya lenzi, springi inavuta vibati mpaka kwenye f uliyochagua, ndipo shata, yaani pazia linaloziba filamu, inafunguka. Kwa f/2.8 vibati havina pa kwenda. Kwa f/11 vina safari ndefu, na vikiwa vimegandana kwa mafuta shata inafunguka wakati vyenyewe viko njiani. Mwanga unazidi. Filamu ya negativu inavumilia kiasi, ya slaidi haivumilii hata kidogo.

Kabla ya kumfikia huyu mzee nilipitia duka moja la katikati ya mji, na sitalitaja. Walinirudishia lenzi siku hiyohiyo, vibati vinateleza vizuri ajabu, nikalipa nikashukuru. Walichofanya, kumbe, ni kupuliza dawa ya kulainisha ndani. Vibati vya apacha havilainishwi kwa kitu chochote. Vimetengenezwa vifanye kazi vikavu, chuma juu ya chuma. Haikuchukua muda vikagandana kuliko mwanzo, na safari hii mafuta yalikuwa yamefika kwenye vioo.

Nilipomkuta mzee alikuwa anakula embe, kwa hiyo nilisubiri. Nikamwamkia, akaitikia, akanawa, akafuta mikono vidole vyote mpaka kwenye kucha, ndipo akaipokea lenzi. Hakutazama vioo. Alitoa kifuniko cha nyuma, akaweka ringi kwenye f/16, akakisukuma kile kimkono kwa ukucha na kukiachia, huku lenzi ameisogeza karibu na sikio.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu, mzee."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, binti. Ilitakiwa usikie."

Akachukua lenzi nyingine kutoka kwenye droo, akafanya vilevile, ikatoa mlio mdogo mkavu. Akarudia yangu nikiwa natazama kwa mbele: tundu lilijifunga taratibu, unaweza kulifuata kwa macho. Halafu akaiweka mezani, akarudi kwenye mazungumzo yake na fundi simu wa jirani. Nilidhani amenisahau. Baadaye akaichukua tena na kukisukuma kimkono mara moja tu, na mara hii vibati viliishia nusu ya njia. Akanieleza kwamba muuzaji mjanja huvichezesha vibati mara nyingi kabla mteja hajafika, vikishachangamka vinaonekana vizima. Pigo la kwanza baada ya lenzi kupumzika ndilo lisiloongopa. Hili peke yake lilitosha kunifanya nimwachie mzigo wangu.

Kisha akawasha tochi, akamulika kutoka nyuma. Kwenye vioo viwili vinavyotazamana na vibati kulikuwa na utando mwembamba wa moshimoshi. Si fangasi, alisema, fangasi ina matawi. Huu ni mvuke wa mafuta uliotua kwenye kioo. Ndio unaofanya picha ikose weusi hasa, hasa ukielekeza lenzi upande wa dirisha.

Nilikuwa nimebeba na Helios 44-2, lenzi ya kamera za Zenit, ile 58mm f/2 ya Kirusi iliyotokana na lenzi ya Biotar ya Ujerumani, na vibati vyake 8 vilikuwa vimeloa hadi kutia huruma. Nilitaka azifanye zote. Ya Kirusi aliikataa. "Hii haina springi," akasema. "Springi ni mkono wako." Na ni kweli. Helios 44-2 ina ringi mbili: moja unaiweka kwenye f unayoitaka, nyingine unaizungusha mwenyewe kufungua ili ufokasi na kufunga ili upige. Hakuna kinachotakiwa kuwahi. Tundu liko pale ulipoliweka, hata kama vibati vimeloa. Alimulika vioo, akaviona safi, akanirudishia. "Vioo vikianza moshi, niletee. Kwa sasa kanunue filamu." Fundi angeweza kunitoza kwa kazi ambayo nisingeona tofauti yake, na nisingejua.

Alivyoniambia, na nimekuja kukubaliana naye, hata ile Nikkor nisingekuwa na haraka nayo kama ningekuwa naitumia kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha kupanda na kushuka, kwa adapta. Pale vibati vinakaa vimeshafungwa kwenye f yako kabla hujabonyeza, na unachokiona kwenye skrini ndicho utakachopata. Kinachobaki cha kuogopa ni moshi kwenye vioo, na vibati kugandana kiasi cha kupinda au kuchomoka siku ukilazimisha ringi.

Kazi yenyewe niliishuhudia, si yote, kwa sababu aliniruhusu kukaa mradi nisiongee. Bisibisi zake za nyota amezichonga ncha mwenyewe kwa tupa. Skrubu za lenzi za Kijapani zinafanana na nyota ya kawaida lakini pembe zake ni tofauti, na bisibisi ya kawaida inapanda juu na kuukwangua mdomo wa skrubu, hapo umekwisha. Zilizogoma aliziwekea tone la asetoni kwa sindano ili kuyeyusha vanishi iliyozishika kiwandani. Alipofika kwenye hesi za fokasi alisimama. Alizungusha pole pole sana, na pale hesi moja ilipoachana na mwenzake akachora alama kwa msumari mwembamba kwenye pande zote mbili. Hesi hizi zina milango mingi ya kuingilia, na mlango mmoja tu ndio sahihi. Ukirudishia kwenye mlango usio wake lenzi itazunguka vizuri tu, ila vitu vya mbali havitafokasika tena. Micro-Nikkor hii ina mfumo unaosogeza makundi mawili ya vioo kwa mwendo tofauti ili picha ya karibu ibaki kali, kwa hiyo hesi ni nyingi kuliko lenzi ya kawaida na grisi nayo ni nyingi. Inajulikana dunia nzima kwa mafuta kwenye vibati, sawa na lenzi ya Flektogon 35mm f/2.4 ya Carl Zeiss Jena, Ujerumani.

Vibati alivipiga picha kwa simu kabla ya kuvigusa. Kila kimoja kina pini mbili ndogo, moja huku na moja kule: moja inakaa kwenye tundu la kitako kisichosogea, nyingine kwenye mfereji wa ringi inayozunguka. Alivitoa kwa kibano kimoja kimoja, akavipanga juu ya karatasi nyeupe kwa mpangilio vilivyotokea, akavilowesha kwenye nafta, ile inayouzwa kwa ajili ya viberiti vya kujaza. Kisha akavifuta kwa karatasi ya lenzi, kutoka katikati kwenda ukingoni, upande mmoja tu, bila kurudisha mkono. Pini ikichomoka, kibati hicho kimekufa na dukani hakiuzwi. Nafta ilipokauka alikitazama kila kimoja kwenye mwanga wa dirisha, na viwili akavirudia.

Kuvirudisha ndiko kulikonifanya nielewe kwa nini wengine hupuliza dawa. Vibati vinapangwa kwa kulaliana, na cha mwisho lazima kichwa chake kiwe juu ya jirani huku mkia wake ukiingia chini ya kile cha kwanza, wakati vingine vyote sita viko huru na vinataka kuteleza. Alizima feni. Fundi simu wa jirani alianza kusema kitu, akanyamazishwa kwa mkono. Kilipoingia, akaweka ringi juu, akazungusha mara moja, tundu likajifunga na kubaki la pembe saba zilizo sawa.

Nilimuuliza kwa nini asimimine nafta ndani na kuchezesha vibati mpaka visafike, kama wengi wanavyofanya nyumbani. Akasema nafta haiyali mafuta, inayayeyusha tu na kuyasambaza. Ikikauka inayaacha palepale, mengine kwenye vioo. Na ukisafisha vibati ukaiacha grisi ya zamani kwenye hesi, ni kudeki huku bomba linamwaga. Kwa hiyo yeye hesi zote anaziosha mpaka chuma kitoe sauti, anapaka grisi mpya kidogo sana, kiasi cha kuona rangi tu, na hafanyi vibati peke yake hata ukimwomba, labda lenzi iwe ya kuuza kesho.

Bei: shilingi 90,000 kwa vibati, hesi na vioo viwili, nusu unatanguliza. Kwa lenzi ambayo ukiagiza nyingine utalipa na usafiri na kuomba Mungu isije nayo imeloa, naona ni halali. Kwa lenzi ya bei ndogo, mfano ile Helios, isingekuwa na maana hata kama angekubali, na mwenyewe ndivyo alivyosema.

Sasa nyota iliyokosekana. Alisema wiki, ikawa zaidi ya mwezi. Simu hapokei, na ukienda anakwambia "njoo Alhamisi" bila kutaja Alhamisi ipi. Kama una harusi mbele yako usimpelekee lenzi unayoitegemea. Risiti hana, anakuandikia kwenye daftari lake na wewe unalipiga picha. Asetoni imekula rangi ya namba 5.6 kwenye ringi, sasa inasomeka kwa kubahatisha, na alipoulizwa alisema "si unajua iko kati ya 4 na 8". Nilicheka, lakini alitakiwa kuijaza. Na grisi aliyotumia ni nzito kidogo kwa ladha yangu: fokasi ni laini, haina mkwaruzo, ila inataka kidole na gumba badala ya kidole kimoja. Kwa picha za karibu sana mimi naona ni afadhali hivyo, lenzi haishuki yenyewe nikiielekeza chini. Mpiga picha wa mpira atanuna. Zumu hapokei kabisa, wala lenzi za otofokasi, wala hataki kubishana kuhusu hilo.

Fokasi ya vitu vya mbali alinionyesha mwenyewe siku ya kuchukua. Alifungua mgongo wa FM2 yangu, akabandika selotepu ile isiyong'aa kwenye reli za filamu, shata akaiweka B na kuishikilia wazi, akaelekeza lenzi kwenye mnara wa simu wa mbali kupitia dirishani. Picha ya mnara ikatokea kwenye selotepu, imepinduka, vyuma vyake vinahesabika kwa kioo cha kukuza, na ringi ya fokasi imesimama mwisho kabisa. Kiufundi sikuwa na swali tena.

Hata hivyo nilijaribu nyumbani. Ukuta wa uani, mwanga wa asubuhi usiobadilika, kamera kwenye stendi: f/4 kwa 1/1000, f/5.6 kwa 1/500, f/8 kwa 1/250, f/11 kwa 1/125, f/16 kwa 1/60. Kila hatua inatoa mwanga uleule, kwa hiyo kama vibati vinawahi, fremu zote zinatakiwa zitoke na weusi mmoja. Mkanda uliposafishwa niliushika dirishani. Sikuweza kutofautisha ya f/4 na ya f/16 bila kusoma namba pembeni. Mtu mwenye lenzi za zamani na kamera ya filamu afanye jaribio hili kabla ya kupeleka kitu kwa fundi yeyote. Fremu chache zitakuonyesha kama kuna tatizo kwenye lenzi au shata.

Kwa wanaonunua mitandaoni: mwambie muuzaji akurekodie video ya kimkono cha nyuma, au pini kama ni lenzi ya M42 (ile inayofungwa kwenye kamera kwa kuzungushwa kama skrubu), kikisukumwa na kuachiwa kwa f/16, lenzi ikiwa imelala usiku kucha. Picha ya vioo vinavyong'aa haitoshi. Akisema "mafuta kidogo tu, hayaathiri", muulize ni lenzi ya springi au ya mkono. Kama ni ya mkono, huenda anasema kweli, punguza bei kidogo uichukue. Kama ni ya springi na wewe unapiga filamu, toa gharama ya fundi kwenye bei anayoitaja, na akikataa achana naye.

Mzee hufungua kwenye saa nne asubuhi. Ijumaa anaondoka kabla ya saa sita na mara nyingi harudi. Ukienda, lenzi iwe na vifuniko vyote viwili. Isiyo na kifuniko cha nyuma anaipokea kwa kukutazama vibaya, na kifuniko anakuuzia yeye.